Biashara ya kukodisha michezo ya video yafifia, wachezaji wabakiwa na njia chache

KUFUNGWA kwa kampuni ya Redbox ya Marekani katikati ya mwaka 2024 kuliandikwa zaidi kama habari ya filamu. Mashine zake nyekundu zaidi ya 24,000, zilizosimama milangoni mwa maduka ya vyakula na ya dawa, zilikuwa zikitoa DVD kwa siku moja moja, na mashabiki wa sinema ndio waliosikika wakilalamika. Hata hivyo, mashine hizo ndizo zilizobeba biashara nyingine iliyokuwa imetoweka kimya kimya kabla ya hapo. Juni 2011 Redbox ilianza kukodisha michezo ya video nchi nzima kwa dola mbili kwa siku. Desemba 2019 ikaacha.

Ni rahisi kusema kwamba intaneti ndiyo iliyoua biashara hiyo, kama ilivyoua kanda za video. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Hamu ya kucheza kwa gharama ndogo haijapungua. Ikiwa kuna lolote, imeongezeka, kwa kuwa mchezo mkubwa uliouzwa dola 60 kwa miaka mingi ulipanda kufikia dola 70 kuanzia mwaka 2020, na Nintendo ikauza mmoja wa michezo yake ya mwaka 2025 kwa dola 80. Kilichobadilika ni mahali mchezo unapokaa, na kwa sababu hiyo, ni nani mwenye kauli ya mwisho juu yake.

Kulielewa jambo hili kunahitaji kurudi nyuma hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Nintendo ilipokuwa ikiyatazama maduka ya kukodisha kwa hasira. Kila katriji iliyokodishwa mara hamsini, kwa hesabu za kampuni hiyo, ilikuwa ni mauzo yaliyopotea. Lakini sheria ya hakimiliki ya Marekani ilikuwa wazi: aliyenunua nakala halali ana uhuru wa kuiuza, kuiazimisha au kuikodisha bila kumwomba mwandishi ruhusa. Mwaka 1989 Nintendo iliishitaki kampuni ya Blockbuster, si kwa kukodisha michezo, kwa maana hilo halikuwa kosa, bali kwa kutoa fotokopi za vitabu vya maelekezo vilivyoambatana nayo. Blockbuster iliacha kunakili vitabu na kuendelea kukodisha.

Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia ukodishaji wa programu za kompyuta, kwa hofu kwamba mteja angechukua diski kwa siku moja, akainakili na kuirudisha. Michezo ya mashine maalumu za kuchezea iliachwa nje ya katazo hilo, kwani katriji haikuwa rahisi kunakiliwa nyumbani. Maktaba zisizo za biashara nazo ziliruhusiwa kuendelea kuazimisha. Huko Japan, nyumbani kwa Nintendo yenyewe, sheria ilimpa mwenye mchezo uwezo wa kuzuia ukodishaji, na biashara hiyo haikupata kuota mizizi. Kwa hiyo kizazi kizima cha watoto wa Marekani kilichochukua mchezo Ijumaa jioni na kuurudisha Jumapili kilifanya hivyo kwa sababu ya kipengele kifupi cha sheria ambacho wengi wao hawajapata kukisikia.

Faida yake haikuwa bei peke yake. Mzazi asiyeweza kulipia mchezo mpya aliweza kumpa mwanawe siku mbili za kuuonja. Mchezo mbovu ulijulikana mapema, nao ukarudishwa dukani bila majuto makubwa. Mwaka 2004 Blockbuster ilikuwa na maduka yapatayo 9,000 duniani. Septemba 2010 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, mwaka uliofuata ikanunuliwa na Dish Network, na Novemba 2013 ikatangazwa kwamba maduka yaliyobaki ya kampuni yangefungwa. Duka moja lenye jina hilo, katika mji wa Bend jimboni Oregon, ndilo lililobaki likipokea watalii wanaotaka kupigwa picha mlangoni. Mshindani wake, Hollywood Video, alikuwa ameshatoweka mwaka 2010.

Aliyeonekana kurithi mali hiyo ni GameFly, kampuni iliyoanza mwaka 2002 kwa kutuma michezo kwa njia ya posta dhidi ya ada ya mwezi. Historia yake inaonyesha jinsi biashara hii ilivyokuwa nyembamba. Diski zake zilikuwa zikivunjwa na mitambo ya kuchambulia barua, hivyo ililazimika kutumia bahasha kubwa zenye nauli ya juu, ilhali diski za Netflix zilichambuliwa kwa mkono bila malipo ya ziada. Mwaka 2009 ilipeleka malalamiko kwa tume inayosimamia huduma za posta, na mwaka 2011 tume ikakubali kwamba ilibaguliwa. Suala la fidia ya upendeleo huo lilifika hadi mahakama ya rufaa mwaka 2013. Netflix yenyewe ilitangaza Septemba 2011 kwamba ingeanza kukodisha michezo, kisha ikaufuta mpango huo mwezi uliofuata. Nchini Uingereza, LoveFilm iliachana na michezo Agosti 2013.

Wakati maduka yakifa, diski yenyewe ilikuwa ikipunguzwa nguvu. Mwaka 2010 kampuni ya Electronic Arts ilianza kutia ndani ya kasha namba ya siri ya kutumika mara moja; aliyekodi au kununua mchezo uliokwisha kutumika alitakiwa kulipa tena ili acheze na wenzake mtandaoni. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza masharti ambayo yangeibana diski ya Xbox One isizunguke kwa uhuru kutoka mkono hadi mkono. Wachezaji walikuja juu, na tarehe 19 Juni mwaka huo kampuni ikarudi nyuma. Ulionekana kuwa ushindi. Lakini mwaka 2019 Microsoft ileile iliuza Xbox isiyo na tundu la diski, mwaka 2020 Sony na Microsoft zikaleta nyingine, na Novemba 2024 PlayStation 5 Pro ikaingia sokoni kwa dola 700 huku kisomeo cha diski kikiuzwa kando. Haki iliyoshindikana kuondolewa bungeni iliondolewa kiwandani, bila mjadala wowote.

Mbadala mkubwa uliopo ni ada ya mwezi. Huduma ya Game Pass ya Microsoft ilianza Juni 2017 kwa dola 9.99, na haki yake ipewe: kwa nyumba yenye intaneti ya kasi, hakuna duka la Blockbuster lililowahi kumpa mteja mamia ya michezo kwa bei ya kukodi miwili. Tatizo ni kwamba mteja hana pa kwenda bei inapobadilika. Oktoba 2025 daraja la juu la huduma hiyo lilipandishwa kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mkupuo mmoja. Michezo huondolewa kwenye orodha kwa tarehe anazopanga mwenye huduma, hata kama mchezaji hajaumaliza. Zamani mwenye duka akipandisha bei, jirani yake alikuwa na katriji ileile.

Kununua kwa kupakua nako si salama kama jina lake linavyodokeza. Machi 2024 Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo wa The Crew, na waliokuwa wameulipia hawakuweza kuucheza tena, wakiwamo wenye diski mkononi. Jimbo la California limeweka sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji kumweleza mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni na si mali. Ni hatua ya ukweli, ingawa kumwambia mtu kwamba hamiliki kitu hakumfanyi akimiliki. Barani Ulaya, ombi la kutaka michezo isizimwe kabisa lilivuka saini milioni moja Julai 2025.

Nintendo imejaribu njia ya kati. Mmiliki wa mchezo uliopakuliwa anaweza kumwazima mwanafamilia aliyesajiliwa pamoja naye kwa siku 14. Baadhi ya kadi za mashine yake mpya ya Switch 2 hazina mchezo ndani, ila ufunguo wa kuupakua. Kadi hiyo yaweza kuuzwa au kuazimwa, ili mradi mitambo ya kampuni ingali hai.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, mfano wa karibu ni vibanda vya michezo vya mitaani, ambako vijana hulipia mechi moja ya kandanda au dakika kadhaa za kukaa mbele ya runinga. Huko kinachokodishwa ni kiti na muda, si diski. Hivyo kibanda kimeweza kuishi pale duka la Marekani liliposhindwa, japo nacho kinahitaji mashine isiyodai akaunti na intaneti kwa kila jambo.

Zilizobaki Marekani kwa asiyetaka ada ya mwezi ni GameFly, soko la diski zilizotumika na maktaba za umma. Maktaba ndizo zenye sura ya zamani zaidi: mwanachama huchukua mchezo bure, husubiri foleni, na huurudisha baada ya siku zilizopangwa. Lakini utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena na wenyewe. Maktaba na watunza kumbukumbu waliomba ruhusa ya kuifikisha michezo hiyo kwa watafiti kupitia mtandao. Chama cha watengenezaji kilipinga, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ikakataa. Mtafiti anayetaka kuicheza atalazimika kusafiri hadi ilipo.