Kadi mpya ndani ya IBM ya 1981

Kuna wapenzi wa tarakilishi kongwe wanaodai kwamba ukichomeka kadi ya kisasa kwenye IBM PC ya mwaka 1981, umeiharibu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Hebu ifungue hiyo mashine. Utakuta sloti 5, na bila kadi haiwezi hata kukuonyesha herufi moja: skrini inataka kadi yake, disketi nazo zinataka yao. IBM wenyewe waliuza kitabu chenye michoro ya saketi na msimbo mzima wa BIOS. Ndiyo maana leo mtu anaweza kutumia kadi kama XT-IDE, mashine ikawaka kutoka kwenye CompactFlash, badala ya kungoja diski ya zamani ife na kila kilichomo. (Kama BIOS yako ni ya kabla ya 27 Oktoba 1982, ibadilishe kwanza, la sivyo haitaitambua kadi hiyo.)

Zipo zinazonichekesha, nakiri. PicoGUS, kadi ya sauti, inatumia chipu ya RP2040 yenye viini 2, ambavyo kwa vipimo vya awali vya kiwandani vilikuwa vya 133 MHz. Prosesa ya IBM ni 4.77 MHz. Mgeni ana nguvu kuliko mwenye nyumba! Lakini ukiichomoa, IBM inabaki ilivyokuwa, na hicho ndicho kipimo changu: usikate, usitoboe, usilehemu chochote kwenye bodi.

Na yule mwenye laptopu ya juzi, RAM imelehemiwa tangu kiwandani, yeye atachomeka wapi?