Golikipa wa mpira wa mikono naye ana haki ya kula jasho lake



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wapenzi wengi wa michezo hawalizungumzi. Jambo lenyewe ni maisha ya golikipa wa mpira wa mikono, hasa kwa vijana wetu wa huku Nachingwea na Ruangwa.

Huku kwetu mchezo unaozungumzwa vijiweni ni soka tu. Simlaumu mtu kwa hilo. Ruangwa imetoa Namungo, ambayo ilianza kucheza Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na mwaka 2020 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho ikafungwa na Simba mabao 2-1 mjini Sumbawanga. Msimu uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho barani Afrika. Kijana wa Ruangwa anayedaka mpira wa miguu sasa anajua njia ilipo. Binti anayedaka mpira wa mikono haioni njia yoyote mbele yake.

Wasioujua mchezo huu hudhani kazi yake ni nyepesi. Goli lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 2. Mshambuliaji huruka juu ya mstari wa mita 6 na kuuachia mpira akiwa angali hewani, karibu kabisa na uso wa golikipa. Kwa wanaume wa kiwango cha juu mpira huo huenda kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa, na golikipa hana glavu. Golikipa wa soka anaweza kukaa nusu saa bila kuguswa, lakini huyu hupigiwa makombora mengi ndani ya dakika 60. Akizuia mitatu au minne katika kila kumi huhesabiwa kuwa hodari. Anatumia mikono, miguu, kifua na hata kichwa.

Kwa wenzetu wa Ulaya hii ni kazi kamili yenye mshahara. Thierry Omeyer wa Ufaransa alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008 na 2012, akadaka mpaka akastaafu mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 42. Niklas Landin wa Denmark alitwaa dhahabu mwaka 2016 na tena mwaka 2024. Golikipa hadumu muda mfupi kama mshambuliaji. Akitunzwa vizuri anaweza kufanya kazi miaka 20.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Basi tutazame Angola. Wanawake wa Angola walitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1989, nchi yao ikiwa ingali vitani. Mwaka 2016 walifika robo fainali ya Olimpiki kule Rio de Janeiro, na golini alisimama Teresa Almeida, mwanamke mwenye mwili mkubwa ambaye huku kwetu angeambiwa akae pembeni awashangilie wenzake. Siri ya Angola ni klabu zenye mwenyewe: Petro ya Luanda nyuma yake kuna shirika la mafuta, na Primeiro de Agosto nyuma yake kuna jeshi. Hapa jirani, Kenya wana timu ya Bodi ya Nafaka na timu ya akina dada wa shirika la maji la Nairobi. Jambo hili si geni hata kwetu. Katika soka tulikuwa na Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza na Bandari ya Mtwara.

Hapa nchini mtoto huanza vizuri. Mpira wa mikono umo katika UMITASHUMTA na UMISSETA, hivyo binti wa shule ya msingi anaweza kutoka kijijini akafika wilayani, mkoani na hata taifani. Lakini akimaliza kidato cha nne mchezo wake nao umekwisha. Mlango unaobaki ni timu za majeshi yetu. Hizo nazipongeza kwa dhati, kwani ndizo zilizoubeba mchezo huu. Hata hivyo nafasi zake ni chache, na si kila mwenye kipaji cha kudaka anafaa au anataka kuwa askari.

Mimi nimefundisha michezo katika shule za wilaya hizi mbili kwa miaka mingi. Wasichana wawili niliowafundisha kusimama golini walifika timu ya mkoa. Leo mmoja anapalilia mikorosho ya wazazi wake na mwingine anakaanga maandazi stendi. Kazi hizo ni za halali wala hazina aibu, ila hakuna hata mmoja wao aliyepata nafasi ya kuchagua. Nilipoiandikia ofisi moja kuomba kiwanja nilijibiwa kwamba mchezo huo si kipaumbele.

Najua tuna upungufu wa madarasa na madawati. Lakini mimi siombi uwanja wa majukwaa. Sisi wa Nachingwea tunaukumbuka Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 ukafa mwaka 1951. Walileta matrekta na reli kabla ya kuujua udongo na mvua. Tusirudie mambo ya namna hiyo. Tuanze na sakafu moja ya saruji ya mita 40 kwa 20, magoli mawili na nyavu. Sakafu hiyo hiyo itachezewa pia mpira wa pete na wa wavu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo:

Kwanza, halmashauri za Nachingwea na Ruangwa kila moja itenge sehemu ndogo ya ushuru wa korosho na ufuta ijenge kiwanja hicho kimoja.

Pili, Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI na makampuni ya madini ya kinywe huko Ruangwa yaanzishe timu na kuwaajiri wachezaji. Binti apime korosho ghalani asubuhi, jioni adake mpira, na mwisho wa mwezi apokee mshahara.

Tatu, chama cha mchezo huu na Baraza la Michezo la Taifa walete mafunzo kwa walimu wa mikoani, hasa ya kufundisha magolikipa. Golikipa aliyefundishwa kama mchezaji wa ndani huumia bure.

Nne, kila golikipa awe na bima ya matibabu. Vidole, magoti na macho yake ndivyo vitendea kazi vyake.

Kila mwaka tunawapigia makofi watoto hawa kwenye mashindano ya shule, kisha tunawaacha. Kama hatuna nia ya kuwapokea wakimaliza shule, tuwaambie ukweli mapema. Kama nia tunayo, basi saruji inunuliwe.

Mwalimu Mstaafu,
Nachingwea, Lindi.