Leseni za wahudumu wa meno Marekani: Kinga ya mgonjwa au uzio wa biashara?

UCHAMBUZI

Na Mwandishi Wetu

FEBRUARI mwaka 2007, mvulana wa miaka 12 alifariki dunia katika jimbo la Maryland, nchini Marekani. Chanzo kilikuwa jino moja lililooza, ambalo vijidudu vyake vilisambaa hadi kwenye ubongo.

Kung'oa jino lile kungegharimu takriban dola 80. Matibabu ya hospitali, yakiwamo upasuaji wa ubongo mara mbili, yalifikia takriban dola 250,000, na hayakumwokoa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika taifa lenye utajiri kama ule, watu wengi walijiuliza ni kwa nini ufa ule haukuzibwa mapema. Sehemu moja ya jibu ni umaskini na uhaba wa madaktari wa meno wanaopokea Medicaid, yaani bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Sehemu nyingine imo katika sheria zinazoamua nani anaruhusiwa kugusa meno ya mgonjwa, wapi na chini ya usimamizi wa nani.

Wanaoguswa zaidi na sheria hizo ni wahudumu wa usafi wa meno. Hawa si madaktari. Kazi yao ni kuondoa ugaga, kupaka madini ya floridi, kuziba mianya ya magego ya watoto na kufundisha utunzaji wa kinywa. Kwa maneno mengine, kazi yao ni kinga.

Taaluma hiyo ilianzia Bridgeport, katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1906, daktari wa meno Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 alifungua darasa la kwanza, na wahitimu wake walikwenda kuhudumia watoto katika shule za mji huo. Newman alipata leseni ya Connecticut mwaka 1917.

Hivyo basi, taaluma hii ilizaliwa ili kuwafuata watoto shuleni. Ajabu ni kwamba miongo mingi baadaye, ni hatua hiyo hiyo ambayo sheria za majimbo kadhaa ziliizuia.

Marekani haina leseni moja ya taifa zima kwa kazi hii. Kila jimbo kati ya 50 lina sheria yake na bodi yake. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuhitimu chuo kilichoidhinishwa, kufaulu mtihani wa kitaifa wa maandishi na kuthibitisha ujuzi wake kwa vitendo. Alabama ni tofauti, kwani kwa miaka mingi imeruhusu mafunzo yanayofanyika zaidi ndani ya kliniki ya daktari.

Tofauti kubwa zaidi ziko katika usimamizi. Colorado iliruhusu wahudumu hao kujitegemea tangu mwaka 1987. Texas iliwaruhusu kuchoma sindano ya ganzi kwa sheria ya mwaka 2023, wakati majimbo mengi yalikwisha kufanya hivyo zamani. Leo zaidi ya majimbo 40 yanamruhusu mhudumu kumpokea mgonjwa moja kwa moja katika mazingira fulani. Hata hivyo, masharti yanatofautiana mno.

Mgogoro wa South Carolina unaonyesha vizuri kiini cha tatizo. Mwaka 2000, bunge la jimbo hilo liliondoa sharti la kila mtoto kupimwa kwanza na daktari kabla ya kuhudumiwa shuleni. Mwaka uliofuata, bodi ya meno ya jimbo ikatoa kanuni ya dharura iliyolirudisha sharti lile lile.

Tume ya Biashara ya serikali kuu iliishtaki bodi hiyo mwaka 2003 kwa kuua ushindani na kuwanyima huduma watoto, wengi wao wa familia maskini. Shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano mwaka 2007, mwaka ule ule aliokufa mvulana wa Maryland.

Swali linalofuata ni nani huketi katika bodi hizo. Huko North Carolina, bodi ilikuwa na wajumbe wanane. Sita walikuwa madaktari wa meno waliochaguliwa na madaktari wenzao, mmoja mhudumu wa usafi wa meno, na mmoja tu aliwakilisha wananchi. Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani.

Mwaka 2015, katika shauri lililotokana na biashara ya kung'arisha meno, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba bodi inayotawaliwa na watu walio katika biashara husika haiwezi kujificha nyuma ya mamlaka ya jimbo, isipokuwa jimbo lenyewe liisimamie kikamilifu.

Hoja ya madaktari haipaswi kupuuzwa. Wao husema mzazi anaweza kudhani mtoto aliyesafishwa meno ni mzima, kumbe jipu linakua chini ya ufizi, na aliyefunzwa kuchunguza ugonjwa ni daktari. Ni kweli. Lakini hoja hiyo ina nguvu pale tu daktari anapopatikana. Mahali ambapo hayupo, sharti la kumsubiri humwacha mtoto bila daktari na bila mhudumu. Mhudumu anayeona jino bovu anaweza angalau kupiga kengele.

Wala wahudumu hao si malaika. Kansas iliruhusu wasaidizi wenye mafunzo mafupi kusafisha sehemu ya juu ya meno tangu mwaka 1998. Mwaka 2024, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza madaktari wa meno waliosomea nje ya nchi waruhusiwe kufanya kazi ya wahudumu hao, jambo ambalo Florida imeliruhusu kwa muda mrefu. Chama cha wahudumu kilipinga, kikitaja usalama wa mgonjwa, hoja ile ile iliyotumika dhidi yao. Daktari aliyehitimu Nairobi au Dar es Salaam na kuhamia Marekani analijua vyema lango hilo.

Zipo dalili za nafuu. Baada ya msiba wa mwaka 2007, Maryland ililegeza masharti kwa wahudumu walio katika huduma za afya ya umma. Mkataba wa majimbo wa kutambuliana leseni ulifikisha majimbo saba yaliyohitajika na kuanza rasmi mwaka 2024.

Hata hivyo, ruhusa bila malipo haimfikishi mhudumu kijijini. Jimbo linalomruhusu kwenda shuleni lakini likakataa Medicaid imlipe yeye mwenyewe limefungua mlango na kufunga dirisha.

Kipimo cha haki si kigumu. Kanuni inayouliza kama mhudumu amefunzwa na anaweza kazi humlinda mgonjwa. Kanuni inayouliza ameajiriwa na nani na fedha zinaingia mfuko gani humlinda mwenye kliniki. Bodi ambayo wengi wake ni wenye kliniki haitazitenganisha kwa hiari. Hiyo ni kazi ya mabunge, na gharama ya kuiahirisha hulipwa na watoto.