Vyuo Marekani vyalipa wanamichezo, Mkenya je?

Tangu Julai 1, 2025, vyuo vya Marekani vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, 2025-26. Lakini mkimbiaji wa Iten asishangilie mapema. Viza ya F-1, wanayoingia nayo wanafunzi wengi wa kigeni, inabana kazi za malipo. Akipokea hela hizo anaweza kuhatarisha masomo yenyewe.

Kwake, dili bado ni skolashipu: karo, chumba, chakula. Nayo si lazima iwe kamili. Wapo wanaolipiwa nusu tu na familia inachangishana zilizobaki.

Kabla ya kusaini, aulize: inalipia nini, miaka mingapi, na akiumia je? Jibu liwe kwa maandishi.