Nani amelipia wimbo huu? Muziki huru kwa vijana wetu katika likizo kubwa

Kila likizo kubwa shule hufunga. Mpaka mwanzo wa Septemba vijana wetu wa Lubumbashi, Kalemie, Uvira, Bukavu, Goma na Bunia huwa nyumbani, simu mkononi. Katika familia nyingi za waamini swali linarudi kila mwaka: wasikilize nini? Jibu la kawaida la wazee wa kanisa ni kugawa nyimbo mafungu mawili, za Mungu na za dunia, halafu kukataza fungu la pili. Mgawanyo huo una sababu zake. Lakini kijana wa miaka 17 ameshaona kwamba hata katika fungu la kwanza kuna mambo yasiyomhusu Mungu hata kidogo, na anajua kwamba sisi tunayaona na kunyamaza.

Kuna swali lingine ambalo lingemsaidia zaidi: nani amelipia wimbo huu, na aliyelipa alitaka asikie nini?

Kila Mkongomani anajua mabanga. Kwa Kilingala libanga ni jiwe. Kurusha libanga ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, na mtu huyo hulipa. Anaweza kuwa mbunge, mfanyabiashara, jenerali, au Mkongomani wa Brussels anayetaka asikike Kinshasa. Katika nyimbo nyingine majina ni mengi kiasi kwamba hadithi ya wimbo yenyewe inapotea. Juu ya hayo kuna kampuni za bia, ambazo kwa miaka mingi zimegawana wanamuziki wakubwa wa Kinshasa kama timu za mpira zinavyogawana wachezaji. Mwanamuziki anayeishi hivyo si lazima awe mtu mbaya. Nchi haina mfumo unaomlipa haki zake za utunzi inavyopasa, na watoto wake wanataka kula. Lakini siku mbunge huyo akiiba mshahara wa walimu, mwimbaji wake hatasema neno.

Nasi tusijifanye hatuhusiki. Tunasikia nyimbo za injili zinazomshukuru Bwana katika ubeti wa kwanza, na kuanzia ubeti wa pili zinawashukuru papa fulani na mama fulani kwa majina yote mawili. Mabanga yameingia madhabahuni, yakabadilishiwa jina yakaitwa baraka.

Kwa hiyo ninaposema muziki huru, sizungumzii mtindo, wala kama wimbo umetaja jina la Yesu au haukulitaja. Ninazungumzia wimbo ambao aliyeutunga ndiye aliyeamua maneno yake. Nchi yetu ina muziki wa namna hiyo kwa wingi, na sehemu kubwa yake haipigwi kwenye redio.

Anzeni na Staff Benda Bilili. Hawa walikuwa wanaume wa Kinshasa waliolemazwa na polio, wanaotembea kwa baiskeli za matairi matatu walizoziunda wenyewe, wakifanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya mji. Pamoja nao alikuwa kijana Roger Landu, aliyejitengenezea kinanda cha uzi mmoja kwa kopo tupu na kipande cha mti. Albamu yao Très Très Fort ilitoka mwaka 2009, na mwaka uliofuata filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes. Kundi lilivunjika baadaye, kama makundi yanavyovunjika pesa zinapoingia, lakini nyimbo zipo. Ule unaoitwa Polio unawasihi wazazi wapeleke watoto kwenye chanjo. Waliouimba ni watu ambao miili yao ndiyo ushahidi. Sijui mahubiri mangapi juu ya afya yamefanya kazi kuliko wimbo ule.

Baada ya hapo tafuteni okestra ya Wakimbangu, Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Najua baadhi ya wasomaji watakunja uso, maana mafundisho ya Kanisa la Kimbangu na yetu hayalingani katika mambo makubwa. Tuwasikilize hata hivyo. Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alikuwa rubani. Alipopoteza kazi yake alianzisha okestra mwaka 1994 pamoja na watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kushika violoni. Violoni chache zilizokuwapo walizishika kwa zamu. Kamba zilipokatika walifunga waya za breki za baiskeli. Watu hao hao, wauza soko, mafundi na wanafunzi, wakafika mahali pa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, na filamu ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, inawaonyesha wakiendelea kupiga huku umeme umekatika. Yote hayo yalitoka ndani ya kanisa, bila wizara na bila bia.

Wenye masikio ya kisasa zaidi watapenda Fulu Miziki, kundi linalotengeneza ngoma, vinubi na hata mavazi yake kwa takataka (fulu ni jalala), au KOKOKO!, ambao jina lao ni sauti ya kugonga mlango. Sisi tungesema Hodi. Albamu yao Fongola ni ya 2019, na Butu, yaani usiku, ni ya 2024. Hii si muziki wa shule ya Jumapili, na mzazi aketi asikilize pamoja na mtoto kabla ya kutoa hukumu.

Wanaotaka Kiswahili wasiende mbali. Katanga ilikuwa na wapiga gitaa waliojitegemea kabla neno hilo halijawa na sifa yoyote. Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi: mtu mmoja na gitaa moja. Wimbo wake Masanga bado unawatoa jasho wapiga gitaa wa Ulaya wanaojaribu kuuiga. Bosco naye aliwahi kuimba matangazo ya dawa ya Aspro huko Nairobi, lakini tangazo lilijulikana kuwa ni tangazo. Hakuna aliyedhani kwamba ni sala.

Uhuru huu una bei, na mwaka 2025 tuliiona kwa macho. Tukumbuke kwanza Novemba 2021, tume ya serikali inayochunguza nyimbo ilipopiga marufuku Nini to sali te ya kundi la MPR, wimbo uliouliza tu ni kitu gani ambacho wananchi hawajajaribu ili maisha yabadilike. Marufuku hayo yaliondolewa baada ya siku chache kwa sababu watu walipiga kelele. Delcat Idengo wa Beni hakupata bahati hiyo. Nyimbo zake dhidi ya serikali zilimtia gerezani. Gereza la Munzenze lilipofunguka Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, alitoka, na akaendelea kuimba, safari hii akiwakosoa walioushika mji. Tarehe 13 Februari aliuawa kwa risasi mjini Goma alipokuwa akitengeneza video. Lugha yake ilikuwa kali, na si kila alichokisema mchungaji angekiweka kinywani mwake. Lakini tazameni: upande mmoja ulimfunga, na chini ya upande mwingine akafa. Mwimbaji asiye na mwenyewe hana pia wa kumlinda. Daudi alikuwa mpiga kinubi wa mfalme, akala mezani pa mfalme, na bado alirushiwa mkuki. Basi yule asiye na nafasi ikulu atakuwaje?

Hapa ndipo kanisa lina kazi. Karibu kila parokia ya mjini ina ukumbi, bafle, mikro, piano na jenereta, vitu ambavyo kijana mtunzi hana pa kuvipata isipokuwa kwa mfadhili atakayetaka jina lake litajwe. Kwaya zetu zinarekodi kwa michango ya wanakwaya wenyewe, mama anayeuza samaki akitoa franka zake, kijana wa pikipiki zake. Huo ndio muziki huru, na tulikuwa nao kabla wengine hawajaanza kuutafuta. Kinachokosekana ni kumfungulia mlango siku ya Jumanne yule anayeimba juu ya vita, wakimbizi, au baba asiyelipwa, hata kama wimbo wake hautafaa ibada ya Jumapili, na bila mchungaji kudai shukrani katika ubeti wa tatu.

Neno la mwisho ni la pesa. Vijana wengi hupata nyimbo kwa kujaziwa kadi au fleshi kwa mtu mwenye kompyuta, kwa sababu mega ni ghali, na mtunzi hapati kitu. Benki za Goma na Bukavu zilifungwa mwanzoni mwa 2025, lakini M-Pesa na Airtel Money ziliendelea kufanya kazi, na waimbaji wengi wadogo huandika namba yao chini ya video. Franka 1 000 kutoka kwa kila mmoja wa vijana 30 wa kikundi cha parokia ni franka 30 000. Kwa mtunzi anayerekodi mwenyewe chumbani kwake, hizo ni saa kadhaa za mafuta ya jenereta.