Makali Yanaliwa na Kazi ya Nani?



Anayepita Nsambya, hapa kwetu Makindye, huona vitanda, makabati na viti vimepangwa kando ya barabara, mbao zimepigwa randa hadi zinang'aa. Asichokiona ni fundi aliyechuchumaa nyuma ya karakana akisugua patasi kwenye ukingo wa saruji. Katika karakana nyingi tulizozitembelea hakuna mahali pa kunolea. Mashine ya kupasulia ipo, stoo ya gundi yenye kufuli ipo, kiti cha nyapara kipo. Lakini jiwe la kunolea kila mtu ajitafutie. Asiye na jiwe humpelekea mnoaji wa barabarani na kulipa kutoka mfukoni mwake.

Sisi wa chama tunasema hili si jambo dogo. Fundi analipwa kwa kipande: akimaliza kitanda ndipo apate pesa yake. Kila dakika anayonoa hailipwi, na kila dakika anayosukuma randa butu nayo ni hasara yake, kwa sababu kazi haiendi. Tuchukue mfano wa karakana yenye mafundi 6, kila mmoja akipoteza nusu saa kwa siku. Hizo ni saa 3 kila siku, na kwa juma la siku 6 ni saa 18. Nani anazilipa?

Na mbao zetu hazina huruma. Mvule una vijiwe vya chokaa ndani yake, vimejificha katikati ya ubao, wala huvioni mpaka randa ivigonge. Hapo makali yamekwisha, hata kama umeyanoa asubuhi hiyo hiyo.

Tukilieleza jambo hili, tajiri hujibu kwamba zana ni za fundi mwenyewe, basi anoe kwake usiku. Ni kweli, mafundi wengi huja kazini na randa na misumeno yao. Lakini makali hayakuliwa nyumbani kwa fundi. Yameliwa na mbao za tajiri, katika kutengeneza kitanda cha tajiri, kitakachouzwa kwa faida ya tajiri. Ndugu zetu wakata miwa wa Busoga na wapogoaji wa chai kule Toro wanaijua hesabu hii: kwa panga butu kipande hakimaliziki.

Basi tunadai mambo mawili pamoja: kila karakana iwe na mahali pa kunolea, na muda wa kunoa uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Kwa anayelipwa kwa siku, ulipwe kama saa nyingine. Kwa anayelipwa kwa kipande, uingizwe katika bei ya kipande. Jiwe bila muda ni pambo tu.

Mahali penyewe hapahitaji mali nyingi. Meza nzito isiyotikisika, inayofika karibu na kiwiko cha mtu aliyesimama, iwekwe karibu na dirisha ili mwanga uonyeshe makali. Mawe yawe angalau mawili, la kukwaruza na laini. Jiwe la maji lipewe maji na la mafuta lipewe mafuta, yasichanganywe. Jiwe likichimbika katikati, lisuguliwe juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene mpaka linyooke, maana jiwe lenye bonde haliwezi kunoa kisu cha randa kikanyooka. Kipande cha mkanda wa ngozi kilichogongomewa kwenye ubao kitamalizia. Kwa misumeno, vibao viwili vya kuibana na tupa za pembe tatu.

Wako matajiri watakaosema wameshatimiza wajibu kwa sababu wamenunua gurudumu la umeme. Tusikubali haraka. Gurudumu ni la kurudishia sura patasi iliyovunjika makali, kwa mteremko wa digrii 25 hivi. Baada ya hapo ni jiwe, ukiinua kidogo hadi digrii 30, ukisugua mpaka ukingo mzima ujikunje kidogo upande wa pili, kisha unauondoa. Anayekimbilia gurudumu kila siku anaila patasi yake, na asipoichovya majini mara kwa mara chuma hupata moto, kikigeuka buluu ugumu umetoka. Patasi hiyo ni ya nani? Ni ya fundi. Sisi tunaona afadhali gurudumu la kuzungushwa kwa mkono: halichomi chuma upesi, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Pakiwa na la umeme, liwe na kinga yake, na kiegemeo kisiachane na gurudumu zaidi ya milimita 3, kwani zana ikinaswa hapo vidole huifuata. Lisiwekwe penye vumbi la mbao, maana cheche moja inatosha kuunguza karakana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Miwani ni mojawapo, wala isikatwe kwenye ujira.

Mtu wa kupatunza mahali hapo achaguliwe na mafundi wenyewe, si na nyapara, na wanagenzi wafundishwe hapo mchana, mbele ya wote. Tumeona kijana wa mwaka wa pili asiyejua kunoa kwa sababu mzee wake hunoa usiku nyumbani.

Matawi yatakayofanya mapatano mapya mwaka huu yaingize kifungu hiki kabla ya kile cha nyongeza ya ujira, kisije kikaachwa mwishoni watu wamechoka. Wajumbe waje kwenye mkutano wa tawi na hesabu ya juma moja: kila fundi amenoa dakika ngapi, wapi, na amelipa shilingi ngapi kwa mnoaji. Mashambani wahesabu tupa.