Ukuta Umeamriwa Ubomolewe: Mkristo Afanye Nini?



Katika parokia zetu za mijini lipo jambo linalowasumbua wenye nyumba. Mtu amejinyima miaka mingi, amejenga, akazungusha ukuta wa mawe ili kuwakinga watoto wake na wezi. Siku moja akuta karatasi imebandikwa langoni: serikali ya kaunti yamwamuru aubomoe, kwa kuwa aliujenga bila kibali au ameuinua kupita kiasi. Hapo wengine huibandua karatasi na kuichana. Wengine humtafuta afisa jioni, bahasha mkononi. Njia zote mbili ni mbovu, na ya pili ni dhambi iliyo wazi, hata ikiitwa chai.

Kabla ya kuilaumu serikali, tuutazame ukuta wenyewe. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya mtu kumiliki mali. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha mwaka 1965 kwamba mali ya dunia imekusudiwa watu wote. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke kizuizi kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka akafa. Basi sheria za ujenzi hazikuletwa na wakoloni. Ni za kale, na shabaha yake ni uhai wa jirani. Ukuta mrefu kwenye pembe ya barabara humzuia dereva asimwone mtoto anayevuka. Ukuta usio na matundu huyageuza maji ya mvua yakaingia kwa jirani aliye bondeni. Ukuta ulioingia katika eneo la barabara umetwaa mali ya wote. Mwenye ukuta wa namna hiyo na aubomoe, wala asimtafute wakili. (Parokia nazo hujenga kuta, nazo zahitaji kibali.)

Hata hivyo, si kila amri ni ya haki. Mathalani, mjane anayeamriwa kubomoa ukuta wa futi sita, ilhali mwenye hoteli jirani amejenga wa futi kumi bila kuguswa, ana swali la kuuliza, na aliulize. Shamba la Nabothi lilinyang'anywa kwa barua zenye mhuri wa mfalme na mashahidi wa kukodiwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 47, yampa kila mtu haki ya kutendewa na wenye mamlaka kwa njia halali, ya busara na yenye utaratibu wa haki. Na aliyeathiriwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yampa aliyepokea ilani siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo, nayo kamati yapaswa kuamua katika siku 30. Asiporidhika, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Aliyenyimwa kibali naye ana siku 14.

Siku hizo ni chache. Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana mara moja kwa wiki. Maana yake ni mikutano miwili tu. Rufaa na iwe fupi: ilani yadai nini, ukuta una urefu gani kwa kipimo, uko umbali gani kutoka barabarani, sababu gani haikutolewa, nani ametendewa tofauti. Kueleza ufukara wetu kurasa tatu hakutusaidii. Kamati hupima ukuta, haipimi machozi.

Aliyepokea ilani aandike juu yake tarehe aliyoipata, kisha aipeleke, pamoja na nakala ya hati ya kiwanja na picha za ukuta, kwa mjumbe wa Haki na Amani katika jumuiya yake, wiki hiyo hiyo.